Kongo 1960: Mmarekani aliingiaje kwenye ugomvi wa Mkongo na Mbelgiji?

Kijana wa Igoma

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi kijiweni kwetu hapa Mwanza tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Hoja ilikuwa Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Fundi pikipiki mmoja akasema Mmarekani aliifuata Kongo kwa sababu ya madini, hakuna kingine. Mzee muuza magazeti akamjibu kwamba Lumumba alijitakia mwenyewe, alimwita Mrusi vita baridi ikiwa imepamba moto, alitegemea nini? Tukaachana hapo, kila mtu na lake.

Mimi swali langu ni la mpangilio. Mkoloni wa Kongo alikuwa Mbelgiji. Uhuru umepatikana 30 Juni 1960. Mmarekani hakuwahi kumiliki hata kichaka pale. Sasa ilikuwaje ndani ya miezi miwili tu CIA iwe inapanga kumuua Waziri Mkuu? Nani alimwita nani, na alianza nani? Wenye tarehe waje na tarehe. Matusi tupeleke kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Chuma Chakavu

Madini mkuu. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Mengine yote ni porojo. Mods fungeni uzi.

Mwalimu Mstaafu KGM

Usifungwe kwanza.

Nimefundisha historia sekondari huku Kigoma mpaka nilipostaafu, na kila mwaka kuna mwanafunzi mmoja alikuwa anasimama na jibu hilo la Chuma Chakavu, anakaa, anadhani amemaliza. Nilikuwa nampa nusu ya alama.

Nusu kwa sababu urani ni kweli. Mkuu wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya Katanga, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York mwaka 1940, zikakaa kwenye ghala pale Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua zote. Baada ya vita wakamvisha medali. Lakini kufika 1960 Marekani ilikuwa inapata urani kwingine, na wenye mgodi waliufunga na kuuziba kwa zege kabla ya uhuru. Na kuna jambo jingine watu wa "madini tu" huwa hawalijibu. Shaba na kobalti zote zilikuwa Katanga kwa Tshombe, kiongozi aliyelitenga jimbo hilo na Kongo, mtu aliyekuwa rafiki wa makampuni. Kama ni madini peke yake, Marekani ingemtambua Tshombe siku ya pili yake na kulala usingizi. Haikumtambua hata siku moja. Ndege zake ndizo zilizokuwa zinabeba askari wa Umoja wa Mataifa, na askari hao ndio waliomaliza utawala wa Tshombe Katanga Januari 1963.

Kwa hiyo madini yanaeleza kwa nini Washington ilikuwa na jicho pale. Hayaelezi Julai na Agosti 1960. Hizo zina hadithi yake.

Tarehe 5 Julai. Uhuru una siku tano. Jenerali Janssens, Mbelgiji, mkuu wa Force Publique, yaani jeshi lililoachwa na mkoloni, anawaita askari kambini Léopoldville (Kinshasa ya leo), anachukua chaki na kuandika ubaoni: kabla ya uhuru = baada ya uhuru. Jeshi la watu kama 25,000, halina ofisa hata mmoja Mkongo, na huyu bwana anawaambia wasitegemee lolote. Usiku ule kambi ya Thysville ikaasi. Nikifika hapa darasani nilikuwa naiandika ile sentensi ubaoni kama alivyoiandika yeye, naiacha hapo kipindi kizima. Wanafunzi walikuwa wanaelewa maasi bila mimi kusema neno.

Wazungu wakaanza kukimbia. Ubelgiji ikaingiza askari wake bila kuombwa na serikali, na tarehe 11 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga, huku maofisa wa Kibelgiji wakiwa nyuma yake. Kasavubu na Lumumba walikuwa wanazunguka pamoja nchini kutuliza askari. Tarehe 12 ndege yao ikazuiwa kutua Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mji mkuu wa Katanga. Rais na Waziri Mkuu, wanafukuzwa angani juu ya nchi yao wenyewe!

Sasa sikiliza vizuri, Kijana wa Igoma, maana jibu la swali lako liko hapa. Siku hiyohiyo, wakubwa wakiwa safarini, mawaziri waliobaki Léopoldville chini ya Gizenga, Naibu Waziri Mkuu, walikwenda kwa balozi wa Marekani, Timberlake, wakaomba askari 3,000 wa Kimarekani. Ombi la kwanza kwa taifa kubwa lilikwenda Washington. Moscow ilikuwa bado. Na aliyeliongoza ni Gizenga, ambaye baadaye Wamarekani hao hao walimhesabu kuwa mkomunisti wa kuogopwa. Eisenhower akakataa, akasema nendeni Umoja wa Mataifa.

Wakaenda. Baraza la Usalama likapitisha azimio usiku wa kuamkia tarehe 14. Tarehe 14 yenyewe ndipo ikatoka telegramu kwa Khrushchev, ikimwomba aifuatilie hali kwa karibu, kwani huenda wangelazimika kumwomba aingilie kati. Mzee wa magazeti anaijua hiyo telegramu. Mwambie ilikuwa na sahihi mbili: ya Lumumba na ya Kasavubu. Kasavubu huyo huyo ambaye miezi miwili baadaye alikuwa mtu wa Wamarekani.

Wakuu hawa walikuwa wamezingirwa, jeshi limewaasi, mkoloni amerudi na mizinga, jimbo lenye mapato limekatwa. Wakawa wanapiga hodi kila mlango wenye taa. Sioni itikadi hapo. Mwishoni mwa Julai Lumumba mwenyewe alipanda ndege kwenda Marekani. Kabla ya hapo alikuwa ameshatia sahihi mkataba na mfanyabiashara wa Kimarekani, Detwiler, wa kuendeleza rasilimali za Kongo kwa miaka 50. Mkomunisti gani anafanya hivyo? Washington hakumkuta Eisenhower, akaonana na waziri wake wa mambo ya nje, Herter. Akaomba ndege na msaada, akajibiwa kila kitu kipitie Umoja wa Mataifa. Na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Hammarskjöld, alikuwa anakataa kutumia nguvu dhidi ya Katanga. Kwa hiyo mlango ule ulikuwa unakuelekeza kwenye mlango mwingine ambao nao ulifungwa.

Agosti Kalonji, kiongozi wa Waluba, naye akaikata Kasai ya Kusini, kwenye almasi. Hapo ndipo Lumumba akachukua alichopewa na Mrusi: ndege za Ilyushin na malori, za kupeleka askari Kasai. Askari wale walifanya maovu makubwa Bakwanga, waliua raia wa Kiluba, na mtu anayempenda Lumumba asiliruke hilo.

Sasa linganisha tarehe. Ndege zilizobeba askari wa Kasai zilifika mwisho wa Agosti, mwanzo wa Septemba. Kikao cha Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani kilichomjadili Lumumba mbele ya Eisenhower kilikuwa 18 Agosti. Karani wa kikao, Robert Johnson, aliiambia kamati ya Seneti mwaka 1975 kwamba alimsikia Rais akisema maneno ambayo yeye aliyaelewa kuwa amri ya kumuua. Wengine waliokuwamo wakakana. Tarehe 26 Agosti Allen Dulles, mkuu wa CIA, akamwandikia mtu wake wa Léopoldville, Larry Devlin, kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka na la kwanza. Septemba mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, akafika na sumu mkononi. Haikutumika, na Devlin alisema baadaye aliitupa mto Kongo.

Maana yake mpango ulianza kupikwa kabla malori ya Mrusi hayajatimua vumbi Kasai. Waliogopa kitakachotokea kuliko kilichotokea. Balozi na CIA walishaandika Washington kwamba Kongo inafuata njia ya Kuba, na kuanzia hapo kila alichofanya Lumumba kilisomwa kwa miwani hiyo.

Chuma Chakavu

Mwalimu nakuheshimu ila unazunguka. Mtu akikupigia hodi, na wewe hutaki kufungua, ndiyo umtilie sumu? Unampunguzia Mmarekani mzigo.

Mwalimu Mstaafu KGM

Simpunguzii hata kilo moja. Kijana kauliza mpangilio, nimempa mpangilio. Ukiniuliza lawama nitakwambia: Mbelgiji aliwasha, Mmarekani akamwaga mafuta akidhani anazima. Na aliyeachiwa funguo ni Mobutu. 5 Septemba Kasavubu akamfukuza Lumumba, Lumumba naye akamfukuza Kasavubu, 14 Septemba Kanali Mobutu akatangaza kwamba amewaweka wote pembeni, na pesa ya CIA ilikuwa nyuma yake. Kitu chake cha kwanza? Ubalozi wa Urusi na wa Chekoslovakia waondoke ndani ya saa 48.

Papa Kipushi

Bandugu, jambo yenu. Mimi niko Lubumbashi. Kiswahili yetu ya huku munaijua, nitajikaza kuandika Kiswahili bora, munivumilie.

Mwalimu amesema vizuri, lakini sisi ba huku kuna kitu tunaonaka kila mara watu ba Tanzania wanasahau. Munaongea CIA, CIA, sumu, sinema. Lumumba hakufa na sumu. Alikufa hapa kwetu, na risasi, mbele ya Wabelgiji.

17 Januari 1961. Walimtoa Thysville kwenye jela, yeye na Maurice Mpolo na Joseph Okito, ndege ya DC-4 ikawaleta kutoka Moanda mpaka uwanja wa Luano. Njiani walipigwa ndani ya ndege. Wakawapeleka kwa nyumba moja ya Mbelgiji, Villa Brouwez, hapa si mbali na uwanja, wakapigwa tena, mawaziri ba Katanga wanaingia wanatoka. Ile usiku wakawapeleka porini, Shilatembo, njia ya Likasi. Wakawapiga risasi mmoja mmoja. Tshombe alikuwako, Munongo, waziri wake wa mambo ya ndani, alikuwako. Ofisa aliyeongoza kikosi alikuwa kapiteni Mbelgiji, Gat, na komisari wa polisi Mbelgiji, Verscheure. Halafu polisi mwingine Mbelgiji, Soete, akafukua maiti na kuziyeyusha kwa asidi. Alibakisha jino. Miaka karibu 60 jino liko Ubelgiji! Lilirudishwa kwa familia Brussels 20 Juni 2022, likazungushwa nchini, lilifika mpaka Shilatembo, likazikwa Kinshasa 30 Juni.

Bunge la Ubelgiji lilichunguza, likasema mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wao wana jukumu la kimaadili. Jukumu la kimaadili! Mwizi wa kuku hapa anafungwa.

Kwa hiyo, Kijana, ukirudi kwenye kijiwe usiwaambie "Mmarekani alimuua." Waambie Mmarekani alitaka afe, alisaidia akamatwe na asiachiwe, na Mbelgiji na Mkatanga ndio walimaliza. Bote walikuwa na furaha.

Mwalimu Mstaafu KGM

Papa Kipushi, asante, umeniweka sawa kwenye mkazo. Nyongeza moja: Devlin alijulishwa siku tatu kabla kwamba Lumumba anahamishwa kupelekwa kwa maadui zake. Hakuwaarifu wakubwa wake Washington hadi siku yenyewe. Kennedy alikuwa anaapishwa tarehe 20, na watu walidhani huenda akalegeza msimamo. Tarehe 17 na tarehe 20, mnaona zilivyokaribiana. Habari za kifo zilitangazwa 13 Februari.

Kijana wa Igoma

Aisee, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Shikamoo Mwalimu, na Papa Kipushi nakushukuru sana.

Naongeza swali. Kwenu Kigoma nasikia Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Kuba, alipita. Huyu naye alifuata nini? Na Nyerere alikuwa upande gani, maana Marekani ilikuwa inamtazama na yeye?

Mwalimu Mstaafu KGM

Marahaba.

Alipita kweli. Mwaka 1965 mimi nilikuwa darasa la tatu Ujiji na sikumwona, wala sikumjua, na wazee wanaosema walikunywa naye chai msiwaamini wote. Tulichokiona watoto ni Wakongo. Mji ulikuwa umejaa Wakongo, wakimbizi na wapiganaji, huwezi kutofautisha. Mwalo wa Kibirizi mitumbwi inaondoka jioni, mtu anakwambia anakwenda kuvua, samaki hakuna, ndani kuna masanduku.

Turudi nyuma kidogo. Wafuasi wa Lumumba hawakuisha. Mulele, aliyekuwa waziri wake, alianzisha vita Kwilu, na mwaka 1964 waasi walioitwa Wasimba wakaibuka mashariki, wakiongea Kiswahili hiki hiki, wakijinyunyizia dawa ili risasi zigeuke maji. Agosti 1964 wakaiteka Stanleyville (Kisangani ya leo), mji wa tatu kwa ukubwa. Marekani ikaleta ndege za kivita, na marubani walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro, walioajiriwa na CIA. Tshombe, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima (ndiyo, Tshombe yule yule), akaleta mamluki wa Mike Hoare.

Wasimba wakashika mamia ya Wazungu mateka. Mzee Kenyatta alikuwa mwenyekiti wa tume ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuhusu Kongo, na tarehe 23 Novemba pale Nairobi alikaa na balozi wa Marekani Attwood na mjumbe wa waasi, Thomas Kanza, kutafuta suluhu. Asubuhi ya 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji wakadondoshwa Stanleyville kutoka kwenye ndege za C-130 za Marekani. Mateka wengi waliokolewa, makumi wakauawa wakati huohuo, na Wakongo waliokufa siku zile hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. Afrika ilichukia mno. Nyerere aliungana na waliolaani, na mlango wa Kigoma ukabaki wazi.

Aprili 1965 Che akaingia Dar es Salaam amenyoa ndevu, ana miwani, kisha akasafiri kwa barabara mpaka huku. Wakuba walipewa majina ya Kiswahili kwa hesabu. Dreke, mweusi, akawa Moja, ili aonekane ndiye mkuu. Che akawa Tatu, akijificha nyuma ya cheo cha daktari na mkalimani. Wakavuka ziwa usiku kwenda Kibamba, ng'ambo. Baadaye wakafika zaidi ya mia moja.

Alichokikuta kilimvunja moyo, na aliandika mwenyewe. Viongozi wa mapinduzi, akina Kabila, walikuwa wanaonekana zaidi Dar na Kigoma kuliko mstari wa mbele. Kigoma yetu aliiandika vibaya: baa na wanawake, wapiganaji wakivuka kuja kustarehe hawarudi. Sisi tulipoyasoma maneno hayo tulikasirika, lakini wenye umri wangu wanajua hakusingizia. Juni wakashambulia Bendera, penye kituo cha umeme, wakapigwa, Wakuba wanne wakafa, na shajara ya mmoja wao ikamwonyesha adui kwamba Wakuba wapo.

CIA nayo ikaweka boti za doria ziwani kutoka Albertville (Kalemie ya leo), na wahudumu wake wengi walikuwa Wakuba wa Miami. Fikiria: Tanganyika, ziwa la migebuka na dagaa, Wakuba wa Castro huku, Wakuba wa Miami kule, wanawindana usiku kwa Kihispania. Kila mmoja anasema amekuja kumsaidia Mkongo.

Oktoba Kasavubu akamfukuza Tshombe, na wakuu wa OAU walipokutana Accra wakakubaliana kila nchi iache kuingilia. Tanzania ikawaambia Wakuba wafungashe. Nyerere hakuwa na ugomvi nao, ila aliyekuwa anawaunganisha watu dhidi ya Kongo alikuwa Tshombe, na Tshombe ameondoka. Tarehe 21 Novemba Che akavuka kurudi Kigoma. Tarehe 24, siku tatu baadaye, Mobutu akachukua nchi, na hakuiachia mpaka Mei 1997, alipong'olewa na Kabila yule yule wa baa za Kigoma.

Chuma Chakavu

Sawa Mwalimu, nimekubali robo tatu. Robo yangu ya madini nabaki nayo.

Mwalimu Mstaafu KGM

Baki nayo. Uliza pia kwa nini nchi isiyo na maofisa wala madaktari wake ilikuwa na kinu cha nyuklia cha utafiti Chuo Kikuu cha Lovanium tangu 1959, kilichotoka Marekani. Hapo utapata uzi mwingine mzima.

Kijana wa Igoma

Papa Kipushi, swali la mwisho. Nina safari ya mzigo Lubumbashi mwezi ujao. Shilatembo mtu anafika?

Papa Kipushi

Unafika. Chukua njia ya Likasi, uliza watu ba pale, kila mtu anaijua, pamejengwa kumbukumbu. Ondoka asubuhi, malori ya madini yanajaza barabara kuanzia saa nne. Beba maji yako. Na picha omba ruhusa kwanza kwa wanaolinda, usitoe simu tu.